Kadi Saba za Mutharasu

Naapa kwa masharubu yangu kwamba kila neno la sura hii ni kweli tupu. Sikusoma chuo chochote. Kuandika nimejifundisha mwenyewe baada ya kustaafu, kwa kunakili habari za polisi magazetini, na magazeti hayadanganyi. Niliyoyaona niliyaona. Yaliyotokea nisipokuwepo alinisimulia Inspekta Thenmozhi mwenyewe, na mama huyo hajawahi kutania tangu azaliwe. Ukionekana humu uongo wowote, hata mdogo kama punje ya haradali, masharubu haya yanyolewe.

Sasa tuingie ndani.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana, Singanallur, pembeni mwa mji wa Coimbatore, siku ya saba baada ya sikukuu ya vifaa, ile ambayo kila chombo cha kazi hupumzishwa, kikapakwa liwa na kuombewa. Inspekta Thenmozhi wa kitengo cha makosa ya kompyuta aligonga mlango wa nyumba ya mjane Valliyammai. Mlango ulifunguka upana wa kidole. Jicho likakagua kofia, likakagua beji, kisha likashuka hadi chini kabisa.

"Samahani, Afande," sauti ikasema. "Siku hizi natazama miguu kwanza. Mizuka haina."

Ndani kulikuwa na giza la madirisha yaliyofungwa mchana. Mlango wa nyuma ulikuwa na makomeo mawili, na chini yake lilisukumwa jiwe zima la kusagia, lile ambalo kwa kawaida linataka wanaume wawili. Mjane alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi. Inspekta alilitazama jiwe, akamtazama mikono, akaelewa ukubwa wa woga wake.

Mezani vilipangwa vifurushi sita vya zawadi, kila kimoja na kadi yake juu.

"Vilianza siku iliyofuata sikukuu," Valliyammai alisema. "Kila siku kimoja. Soma kwa mpangilio huo."

Inspekta alisoma. Ya kwanza: *Nimeondoka Nagpur. Machungwa nyuma, vumbi mbele.* Ya pili ilisema Hyderabad. Ya tatu Kurnool, mvua, na mzee wetu anakohoa. Ya nne Hosur. Ya tano Salem. Ya sita, ya jana: *Kesho nipo nyumbani. Mlango wa nyuma usiufunge.*

Chini ya kila kadi kulichapwa jina la mtumaji: Mutharasu.

"Dada, mumeo alifariki lini?"

"Miaka mitatu iliyopita. Moyo. Alikuwa anakunywa kahawa, kwenye kiti hicho hicho ulichokalia."

Inspekta alihamia kiti kingine, polepole, kama mtu anayetafuta upepo.

"Alikuwa dereva wa lori?"

"Miaka ishirini. Na safari moja alinitumia vitu hivi hivi. Sabuni hii ya manjano, mafuta haya ya asumini. Lakini kadi hakutuma hata moja. Tuligombana kwa hilo. Nilimwambia, unatuma sabuni kimya kimya kama mtu anayelipa kodi. Akasema, nimeandika. Nikamwita mwongo. Tukanuniana siku nne nzima." Alizigeuza kadi kifudifudi. "Sasa ameanza kuandika."

"Zimechapwa kwa mashine. Mtu yeyote anaweza."

"Maneno ni yake, Afande. 'Mzee wetu' ni lori. Tulikuwa tunaliita hivyo sisi wawili tu, humu ndani."

Ndipo kitu kikakwaruza mlango wa nyuma.

Valliyammai hakupiga kelele. Alikaa sakafuni pale pale aliposimama. Inspekta akanyata hadi dirishani, mkono kiunoni, akavuta pazia. Moshi wa sigara ya majani ulikuwa unapanda ukutani, na chini ya moshi alisimama mwanamume mnene mwenye bahasha, akijaribu kuchungulia kwenye tundu la komeo.

Alikuwa Sengodan, mdogo wa marehemu. Inspekta alimhoji palepale uani.

"Unafanya nini huku nyuma?"

"Nahakikisha kama shemeji yupo. Mbele hafungui siku hizi." Alionyesha bahasha. "Saa kumi anatia sahihi, nyumba inakuwa yangu, yeye anahamia kwa dada yake Erode. Ni yeye aliyetaka, Afande. Hataki kuwemo humu kifurushi cha saba kikifika."

"Kwa hiyo kadi zimekufaa."

"Unanishuku mimi?"

"Mtu mwingine atakayepata nyumba leo ni nani?"

"Ndugu yangu hakuniandikia hata mstari mmoja maisha yake yote. Ningejuaje anavyoandika?"

"Basi tuingie ndani tuzisome pamoja. Pita hapa hapa, mlango wa nyuma. Nitamwambia afungue."

Sengodan alirudi hatua mbili. Inspekta aliona mfuko wa shati lake umevimba, akaingiza vidole viwili, akatoa malimau matatu na pilipili mbichi zilizofungwa uzi mweusi. Kinga dhidi ya mizuka, ambayo hata mjane mwenyewe hakuwa nayo.

Alimrudishia. Anayetengeneza mzuka hauogopi mzuka wake. Alifuta jina la Sengodan kwenye daftari lake na kumwambia mjane asitie sahihi kitu chochote kabla ya saa kumi.

"Na cha saba kikija kabla yako?" Valliyammai aliuliza.

Inspekta alitazama saa. Akapiga pikipiki yake moto.

*

Vifurushi vyote vilikuwa na chapa ya Ponvandu, duka la mtandaoni lenye ghala kwenye barabara ya Avinashi. Saa saba na robo Inspekta alikuwa mbele ya Nedumaran, mhandisi mkuu wa mifumo, kijana mwenye macho mekundu na shati alilolivaa, kwa kukadiria, tangu juzi. Vitufe vya kompyuta yake bado vilikuwa na vidoa vya liwa na unga mwekundu wa sikukuu.

"Nieleze duka lenu linavyofanya kazi. Kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu anafundisha fizikia, Afande."

"Basi kama unamweleza mama yangu."

Nedumaran alifikicha macho. "Humu ndani programu haziamrishani. Kuna kitengo cha oda, cha malipo, cha stoo, cha zawadi, kila kimoja kwenye kompyuta zake. Jambo likitokea linaandikwa kwenye daftari moja refu. Oda imewekwa. Malipo yamepokelewa. Aliyeandika hajui nani atasoma, wala hajali. Kila kitengo kinasoma kwa mwendo wake, kikikuta jambo linalokihusu kinafanya kazi yake."

"Likishasomwa linafutwa?"

"Halifutwi kamwe. Ndiyo sifa yake. Hata duka zima likiungua, tunasoma upya tangu ukurasa wa kwanza, na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa."

Inspekta alisikia baridi shingoni. "Kila kitu kinarudi."

"Ni namna ya kusema tu, Afande."

"Mtafute Mutharasu wa Singanallur."

Kijana aliandika jina. Vidole vikasimama. "Yupo. Zawadi saba, miaka mitano iliyopita, wiki ileile tuliyofungua duka." Alisogea karibu na kioo. "Na maneno yake yapo."

"Maneno ya kadi? Mkewe hakupata kadi yoyote miaka mitano iliyopita."

"Hatukuwa na mashine ya kuchapa kadi. Fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika, mteja anaandika, maneno yanaingia daftarini, yanakaa. Tulisema tutayachapa baadaye. Mashine ilikuja mwaka wa pili."

Inspekta aliweka kalamu chini. Mtu mmoja alisema ameandika, na akafa akiitwa mwongo.

"Nani mwingine amelalamika wiki hii?"

"Hakuna. Ni huyo mama peke yake."

"Zawadi ngapi zinatoka kwa siku?"

"Arobaini. Meza ina akina mama watatu, ndio uwezo wao."

"Na za wiki hii? Oda mpya, za watu waliosherehekea juzi?"

"Zimechelewa kidogo. Msongamano wa sikukuu."

"Kaka."

"Haijatoka hata moja," Nedumaran alisema, akajishika kichwa.

Inspekta aliomba orodha ya vilivyotoka, akachagua namba, akapiga simu. Wa kwanza alikuwa mwanamume wa Tiruppur.

"Mimi sijapokea sufuria yoyote."

"Sijataja sufuria, bwana."

Simu ikakatwa. Wa pili alisema amehama, ingawa alipokea simu ya mezani ya nyumba ile ile. Wa tatu, bibi mmoja, alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kama mnataka blanketi, limeshafuliwa."

Inspekta alikata simu. "Vifurushi mia mbili na arobaini kwa siku sita. Watu wamekatwa hela?"

"Hapana. Kitengo cha malipo kinasoma peke yake, hakikurudi nyuma."

"Ndiyo maana wako kimya. Aliyepata sufuria ya bure haulizi imetoka wapi. Aliyeletewa sabuni na marehemu ndiye aliyeuliza." Alivuta kiti. "Sasa niambie, kitengo cha zawadi kinajuaje kimefikia ukurasa gani?"

"Kina alama. Alama hiyo, pamoja na orodha ya vilivyokwisha kutumwa, iko kwenye kompyuta ndogo chumba cha umeme. Umeme ukizimika kabisa vinafutika vyote, lakini ina betri yake."

"Na vikifutika?"

"Kinaanza ukurasa wa kwanza, kama hakijawahi kutuma kitu. Siku zile za mwanzo zawadi zilikuwa arobaini hivi kwa siku, kwa hiyo kila siku ya zamani inatoka kwa siku moja ya sasa."

"Kilianza lini?"

"Siku ya sikukuu, saa nne asubuhi."

"Na ukanyamaza siku saba."

"Nilidhani nitarekebisha kabla hawajajua. Halafu kila saa ikawa nazidi kuogopa kusema kuliko saa iliyopita."

Kifurushi cha saba kilikuwa bado mezani, kikisubiri gari la saa tisa. Inspekta alikichukua. Nedumaran alitaka kumsomea maneno yake kwenye kioo, Inspekta akamzuia kwa kiganja.

"Hayakuandikwa kwako. Wala kwangu. Na nikimwambia yule mama habari za daftari lisilofutika, atasukuma jiwe la pili. Nataka mtu. Mtu mwenye mikono, aliyeizima mashine hiyo. Ufunguo wa chumba cha umeme anao nani?"

*

Ufunguo alikuwa nao fundi umeme wa ghala, mzee mmoja mtanashati, mwenye masharubu mazuri yaliyopinda nchani, anayeheshimiwa na kila mtu. Inspekta alimkuta kasimama mlangoni mwa chumba cha umeme, jasho likimtoka chini ya feni.

"Mzee, siku ya sikukuu nani aliingia humu?"

"Kima," alijibu mzee bila kusita.

"Kima."

"Aliingia dirishani, akachomoa waya, akakimbia. Nilimwona kwa macho yangu haya. Mkubwa, mkia hivi. Naapa kwa masharubu yangu."

Inspekta aliliendea dirisha. Lilikuwa na wavu wa waya, na juu ya wavu utando wa buibui uliokwisha kushika vumbi.

"Alipitaje?"

"Alikuwa mwembamba."

"Umesema mkubwa."

"Mrefu, Afande. Mrefu mwembamba."

Inspekta aliwasha tochi, akainama chini ya rafu ya mwisho. Kompyuta ndogo ilikuwa inanguruma, taa yake ya kijani ikipepesa. Juu ya taa kulikuwa na kidoa cha liwa kilichokauka, na katikati yake unga mwekundu. Betri nayo ilikuwa na kidoa chake. Vumbi la miaka lilifunika rafu nzima, isipokuwa mashine ile, iliyofutwa ikang'aa. Mbele yake kulikuwa na nusu ya limau, imesinyaa.

"Kima huyu," Inspekta alisema, "ni mcha Mungu."

Mzee alishika ncha ya masharubu.

"Akaifuta vumbi, akaipaka liwa, akaikatia limau. Kisha akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo." Alisimama, akammulika usoni. "Mzee, jina lako nani?"

"Karuppannan," nikasema.

Ndiyo. Mimi.

Msinitazame hivyo. Siku ile kila kifaa kinapumzika, hilo hata mtoto wa Coimbatore analijua. Bisibisi yangu ilikuwa imelazwa, ngazi imelazwa, hata kalamu ya mlinzi iliwekwa mbele ya miungu ikapewa ua. Humo ndani mashine ile ilikuwa peke yake gizani ikinguruma, mwaka wa tano bila hata saa moja ya mapumziko, taa yake ikipepesa kama jicho la mtu aliyenyimwa usingizi. Niliihurumia. Nikaizima dakika kumi. Betri ni kifaa pia, nikaitoa nayo ipumzike. Nikafanya yote kwa heshima, nikawasha, taa ikarudi kijani. Nani angejua?

"Nifunge, Afande," nilimwambia. "Niko tayari."

"Kukufunga ni rahisi. Utakwenda Singanallur kumwambia mwenyewe. Beba hiki."

Akaniwekea kifurushi cha marehemu mikononi. Kilikuwa chepesi, na naapa, la, siapi tena, kilikuwa cha baridi.

*

Tulifika saa kumi kasoro dakika kumi. Sengodan alikuwa kibarazani, karatasi magotini, kalamu wazi. Inspekta alisimama kuongea naye. Mimi kwa kuchanganyikiwa nilifanya kile ambacho fundi umeme hufanya kila siku ya maisha yake: mita ziko nyuma, nikazunguka nyuma. Nikagonga.

Ndani nyayo zilisogea, zikasimama. Kisha nikasikia jiwe likiburutwa, polepole, likisimama, likiburutwa tena.

"Mutharasu?" sauti ikauliza.

Nywele za mikono zilinisimama. Nilitaka kukimbia, lakini kifurushi cha marehemu kilikuwa mikononi mwangu.

"Hapana, mama. Ni Karuppannan. Fundi umeme."

Komeo la kwanza. Komeo la pili. Ufa wa upana wa kidole, na jicho lililoshuka moja kwa moja hadi kwenye ndala zangu. Likakaa hapo muda mrefu.

"Miguu yako ni michafu," alisema hatimaye, na nikaona mwili mzima ukimlegea.

Tuliketi ndani, na Inspekta akaeleza habari za daftari. Mjane alisikiliza uso umekaza, haamini hata neno. Ndipo nikaeleza ya kwangu: kitambaa, liwa, dakika kumi.

"Ulikatia mashine limau?"

"Nusu, mama. Nusu nyingine nilikamulia maji nikanywa na chumvi. Kulikuwa na joto."

Alinitazama sana. Nadhani ni ile nusu ya pili iliyomshawishi. Hakuna mzuka unaokuja na habari za maji ya limau.

"Kwa hiyo haya maneno aliyaandika lini?"

"Miaka mitano iliyopita, dada," Inspekta alisema. "Njiani, kwa simu yake, siku kwa siku. Hawakuwa na mashine ya kuyachapa, yakabaki huko. Alikuambia kweli."

Valliyammai alikifungua kifurushi cha saba mwenyewe. Kikombe cha chuma cha kahawa, na kadi. Aliisoma kimya, kisha kwa sauti, ili aisikie mwenyewe:

*Valli, nimefika. Unanijua, mdomoni maneno hayatoki, ndiyo maana nimeyatanguliza. Nikiingia usiniulize kitu. Nipe kahawa, ukae karibu.*

"Aliandika," alisema. "Kumbe aliandika." Akaenda kukaa kwenye kile kiti kilichokimbiwa na Inspekta, akakumbatia kikombe kwa mikono miwili, na hatukumtazama kwa muda.

Sengodan alikohoa mlangoni. "Shemeji, karatasi. Saa kumi hiyo."

"Shemeji," alijibu bila kugeuka, "ukitoka ufunge geti."

Tulimsikia akifunga. Ndipo mjane akanigeukia mimi, macho mekundu lakini makavu.

"Na wewe uliyeninyima usingizi siku saba. Ulipoulizwa ulisema nini?"

"Alisema ni kima," Inspekta alijibu kwa niaba yangu. "Akaapa kwa masharubu yake."

Valliyammai aliingia chumbani, akarudi na wembe wa marehemu, bakuli la maji na ile sabuni ya manjano. Nilinyolewa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mchana kweupe, nikitetemeka, huku mkono wake ukiwa imara kabisa. Alipomaliza akanipa kahawa. Ilinichoma mdomo wa juu, mahali ambapo hapakuwa pameguswa na kitu kwa miaka arobaini.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita, na masharubu yalikuwa yameota tena vizuri. Juma hili nilimpelekea Inspekta sura hii aisome kabla yenu. Ameirudisha na mstari mwekundu chini ya neno moja tu, "mtanashati," na pembeni ameandika: *Uongo. Wembe bado uko Singanallur.*

Kesho saa nne naenda kulipa. Nitazunguka nyuma, mlango ule siku hizi haufungwi.